Mwendo wa Macho ya Nsimire

Kuna mzazi atakayesoma haya akiwa ameketi kwenye benchi la hospitali, mtoto amemwegemea bega, mkononi ameshika karatasi yenye namba na alama ya kutoa mbele yake. Nami nilikaa hapo. Sikumpata mtu wa kuniambia siku zinavyokwenda baada ya karatasi ile, nikafanya makosa ambayo ningeweza kuyaepuka. Kwa hiyo naeleza yaliyotupata sisi. Jinsi jicho lilivyoumbwa ndani nawaachia wenye kazi hiyo.

Tunaishi Bukavu, upande wa Ibanda, watu watatu: mimi, mke wangu Espérance na binti yetu Nsimire. Espérance anauza vitenge sokoni Kadutu. Mimi nafanya kazi kwenye imprimerie ndogo inayochapa mialiko ya harusi na matangazo ya misiba, na kazi yangu ni kusoma kila karatasi kabla haijachapwa ili kutafuta makosa. Ni kazi ya kuangalia karibu, na inanifaa, kwa sababu mbali sijawahi kuona sawasawa.

Nilipokuwa mtoto hakuna aliyejua hilo. Ubao kwangu ulikuwa kitu cheusi tu, kwa hiyo nilinakili maneno kutoka daftari la jirani yangu, na mwalimu akanichapa fimbo kwa wizi. Miwani niliipata nikiwa na miaka kumi na saba, na kila mwaka uliofuata vioo vilizidi unene. Sikuhangaika. Nilidhani kutoona mbali ni kama kuwa mfupi, jambo la kuzoea. Kisha, nikiwa na miaka thelathini na mitano, asubuhi moja kazini nikaona cheche pembeni mwa jicho la kuume. Siku ya tatu kivuli kikashuka kutoka juu, taratibu, kama pazia, nikamwuliza mwenzangu kama umeme umepungua. Nilisubiri wiki nzima kabla ya kwenda hospitali. Huko nikaambiwa kwamba jicho la mtu kama mimi hurefuka kupita kiasi, utando wa nyuma ukavutika hadi ukawa mwembamba, na wangu ulikuwa umechanika na kubanduka. Nilikuwa nimechelewa. Tangu mwaka ule jicho la kuume linatofautisha mchana na usiku, basi.

Nsimire alikuwa na miaka mitatu wakati huo, na kuanzia hapo sikutulia tena. Nilimchungulia alivyoshika kijiko, alivyotazama picha, alivyoshuka ngazi. Nilimwonyesha ndege juu ya paa la jirani mara nyingi hata akaanza kuniuliza kwa nini nawapenda ndege hivyo.

Alipofika miaka saba, Jumapili moja baada ya misa, tulikuwa tumesimama mahali barabara inapotazama ziwa. Boti ya Minova ilikuwa inaingia, kubwa, nyeupe, imejaa watu na magunia. Espérance alimwonyesha kwa kidole. Nsimire alikunja macho kama mtu anayekata vitunguu, kisha akauliza kwa upole, "Boti gani, maman?"

Espérance alicheka akidhani mtoto anatania. Mimi niliyatazama yale macho yaliyokunjwa, nikajua.

Ulikuwa mwanzo wa mwaka wa shule, mvua za kwanza zimeanza. Wiki hiyohiyo nikampeleka hospitali. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi sita, yote yamejaa: wazee wenye ukungu machoni, kijana aliyerukiwa na kipande cha chuma, akina mama na watoto. Muuguzi alimtia Nsimire matone ya kufungua mboni ya jicho, mara tatu, na kila mara tulingoja. Yanachoma. Alibana kidole gumba changu mpaka kikafa ganzi. Mimi niliinuka, nikaenda mlangoni, nikarudi, nikainuka tena, mpaka mama mmoja aliyekaa kando yangu akasema, "Papa, kaa basi. Uko natuchokesha."

Nilikaa. Baada ya dakika mbili niliinuka.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye maneno machache, na alikuwa na desturi ya kuzungumza na mtoto kwanza, mzazi baadaye. Alimmulika Nsimire kwa taa ndogo, akabadilisha vioo mbele ya macho yake kimoja kimoja, akaandika: moins un et demi, toa moja na nusu. Kwetu namba za macho tunazisema kwa Kifaransa, na hiyo moins, ile alama ya kutoa, kadiri namba yake inavyokua ndivyo mbali panavyozidi kupotea. Nilimweleza habari ya jicho langu. Nikamwuliza kama namba ya mtoto itasimama.

"Kusimamisha, sina dawa ya ile, papa," alisema. "Kupunguza mbio yake, tutajaribia."

Alituagiza mambo matatu. Miwani ivaliwe kutwa, isiwe ya kuvaliwa shuleni tu. Mtoto acheze nje mchana, saa mbili nzima kila siku akiweza. Na kitabu kisisogee usoni: aweke kiwiko mezani, ngumi kwenye kidevu, na umbali huo ndio uwe mpaka. Tungerudi baada ya miezi sita. Tulipotoka nje mboni zake zilikuwa bado wazi, jua lilimuumiza, akatembea akiwa ameficha uso ndani ya shati langu hadi nyumbani.

Miezi sita ikapita, karatasi ikasema moins deux et quart, mbili na robo. Miezi sita mingine, moins trois, tatu kamili. Namba ilikuwa inapanda haraka kuliko mtoto anavyorefuka. Hapo ndipo daktari alipotaja matone ya jioni, tone moja kila jicho kabla ya kulala, dawa ileile ya kufungua mboni lakini imepunguzwa nguvu sana, inayosaidia jicho lisirefuke haraka. Hayakuwa mengi mjini. Mtengeneza dawa mmoja aliyaagiza kutoka ng'ambo ya mpaka, na kuna wiki yalichelewa, nikawa napita dukani kwake asubuhi na jioni mpaka akaanza kunitikisia kichwa kabla sijavuka barabara.

Sasa niseme kosa langu.

Miezi sita ya kungojea ilinishinda. Baada ya ile ziara ya pili nilichukua kadi nyeupe iliyobaki kazini, nikachapa herufi za kila ukubwa, kubwa juu, ndogo chini, nikaibandika ukutani jikoni. Kila Jumapili tukitoka misani, kabla ya kula, nilimsimamisha Nsimire mlangoni, nikamfunika jicho moja kwa kiganja, nikamwambia asome. Nilijiambia kwamba namlinda. Akikosa herufi, nilimsogeza hatua moja, nikamwuliza tena. Nilimtazama usoni kila alipokunja jicho. Hata kanisani, padri akihubiri, nilimnong'oneza asome namba za nyimbo zilizoandikwa kando ya altare.

Espérance alisema mara moja tu, kwa utaratibu wake, kwamba mtoto si karatasi ya kusahihishwa. Nilimjibu kwamba yeye ana macho mawili, hawezi kuelewa. Kwa siku kadhaa tuliongea habari za chumvi na mkaa tu.

Kisha zikaja zile wiki ambazo kila mtu wa Bukavu anazikumbuka, masasi ya bunduki yaliposikika mjini, shule zikafungwa, nasi tukajifungia ndani. Nsimire hakuweza kucheza hata mbele ya mlango. Alilala chini ya meza na vitabu vyake na simu ya mama yake, uso umegusa kioo, na sikuwa na moyo wa kumkataza, maana akiacha kusoma alisikiliza. Nilitembea kutoka dirishani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi dirishani. Matone yalikuwa yamebaki kidogo. Nilihesabu Jumapili, nikampima hapohapo ndani, na jambo la ajabu, alisoma vizuri. Mstari wa mwisho kabisa, bila kukosa.

Mji ulipotulia kiasi, tukaenda hospitali. Daktari hakuwapo, alikuwa amekwama safarini. Msaidizi wake kijana alimpima kwa ubao wa herufi peke yake, bila matone ya kufungua mboni. Nsimire alisoma yote. Msaidizi akaandika kwamba namba haijabadilika, bado moins trois.

Siku ile nilinunua nyama. Nilimbeba Nsimire mgongoni kupandisha mlima, mtoto wa miaka minane na nusu, watu wakitucheka. Yeye hakucheka. Nilidhani amechoka.

Haikupita miezi miwili. Mwalimu wake, mama mmoja mwenye subira, alikuja kunitafuta kazini saa ya mapumziko. Tulisimama kando ya mashine. Alianza kwa kuuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Papa Nsimire, mutoto yako iko nakopia ku jirani. Sisemi mu interrogation, siku ya mutihani. Hata date ya ku tableau, iko naikopia."

Nilitaka kumwambia kwamba haiwezekani, kwamba karatasi ya hospitali ninayo.  Lakini nilijua mtoto anayenakili tarehe ya ubaoni ni mtoto wa namna gani.

Kesho yake tulikuwa hospitalini watatu, Espérance ameacha meza yake ya vitenge kwa mwenzake. Daktari alikuwa amerudi. Matone, benchi, matone, benchi. Kisha taa ndogo na vioo. Safari hii hakumwuliza Nsimire herufi yoyote. Alipomaliza akaandika, akanigeuzia karatasi: moins quatre, nne, macho yote mawili.

Nilimwambia kwamba miezi miwili iliyopita ilikuwa moins trois, na kwamba kila Jumapili mtoto anasoma mstari wa chini. Daktari alinitazama kidogo. Akamwomba Nsimire avue miwani na asimame kwenye alama. Kisha akaenda ukutani polepole, akauondoa ule ubao wa herufi msumarini, akaugeuza, upande mweupe mtupu ukatutazama. Akarudi kando.

"Nisomee mustari ya chini, mama," alimwambia mtoto.

Na Nsimire, mikono nyuma, uso ameuelekeza kwenye weupe ule, akasoma. Herufi moja baada ya nyingine, kwa mpango, bila kukosa.

Hakujua kwamba ubao umegeuzwa; bila miwani pande zote mbili kwake zilikuwa weupe tu. Espérance aliweka mkono mdomoni. Daktari akaenda kuugeuza ubao tena kama ulivyokuwa, kisha akachuchumaa mbele ya mtoto akamwambia kwamba hakufanya vibaya, anataka kujua tu. Nsimire alieleza akiangalia viatu vyake. Zile za jikoni alizishika kichwani siku nilizokuwa kazini, akisimama karibu na ukuta. Za hospitali alizisikia kwa wagonjwa wengine, kwa maana mlango hukaa wazi na kila mtu husoma kwa sauti.

"Juu ya nini?" nilimwuliza sababu. 

"Juu kila dimanche, kama nakosea, papa iko nakataa kula."

Sikujua kwamba Jumapili ninakataa kula. Ni kweli, nilikuwa nasukuma sahani na kwenda kusimama dirishani, lakini sikujua kama kuna mtu aliyeona.

Daktari alizungumza nasi muda mrefu kuliko siku zote. Alisema wiki zile za kufungiwa ndani zilifanya kazi yake, na kwamba pengine matone yalikuwa yanasaidia kidogo. Bila hayo huenda namba ingekuwa mbaya zaidi, hakuna anayejua. Aliagiza yatengenezwe yenye nguvu zaidi kidogo. Nilimwuliza kuhusu jambo nililosikia, kwamba mtoto akipewa miwani hafifu jicho litajifunza kufanya kazi. Akakataa kabisa, akasema apewe ya kuona sawasawa. Mwisho akaniambia mimi peke yangu, wakati Espérance anamvisha mtoto sweta, kwamba kupima ni kazi yake yeye.

Nyumbani Espérance alipika. Nsimire alipokwenda kuoga, akakaa mbele yangu.

"Uko natafuta jicho yako mu jicho ya mutoto," alisema. "Ile yako ilikufa. Hautaipata mule."

Nililia, sioni haya kusema. Jicho lisiloona nalo hutoa machozi. Nilibandua ile kadi ukutani, ikaacha mraba mweupe kwenye masizi ya jikoni, nikaitia motoni chini ya sufuria.

Likizo kubwa zilikuwa karibu. Espérance aliamua kwamba Nsimire aende Idjwi kwa bibi yake, akae kiangazi chote. Kule kisiwani hakuna mahali pa kujifungia. Watu wako mashambani tangu jua linatoka, na ukiinua kichwa unaona ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima. Nilipinga. Nani angemtia matone? Mama mkwe wangu, koko wa Nsimire, alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake tangu mwanzo: lunettes, yaani miwani, ni za wazee, ukimvika mtoto unamzeesha macho. Lakini Espérance alimfungia mtoto mizigo, na chupa mbili za dawa ndani ya kitambaa, akapanda naye boti. Alikaa siku nne kumfundisha mama yake. Akarudi peke yake.

Ilikuwa miezi mirefu. Vumbi la kiangazi lilishuka juu ya mji. Sikuwa na mtu wa kumchungulia. Jumapili baada ya misa mikono haikujua iende wapi, basi nikatembea, nikapanda na kushuka milima ya Bukavu hadi magoti yakauma. Simu ya koko ilikuwa haina moto kwenye betri siku nyingi, na ikiwaka ilimbidi apande juu ya kilima kutafuta mtandao. Akipiga, alianza na habari za mihogo, kisha mbuzi, kisha jirani aliyefiwa, mimi nimesimama simu imebanwa sikioni. Mwisho kabisa ndipo aliposema, "Na dawa, nilimutia."

Katikati ya kiangazi nilikwenda kuwaona. Njiani kwenye boti nilijiapiza kwamba sitamwuliza mtoto anaona nini. Nilimkuta kwenye mteremko wa shamba la migomba, mweusi wa jua, miguu imejaa udongo, miwani imefungwa nyuma ya kichwa kwa kamba ya mgomba ili isianguke akikimbia. Koko ndiye aliyeifunga. Nilipotazama kamba ile, akasema kwa ukali kidogo kwamba mtoto bila vile vioo alikuwa anakanyaga maharage yake, basi afadhali avae.

Jua lilipozama nilimwona akifanya kazi aliyofundishwa. Alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Akaketi kwenye kigoda, Nsimire akalaza kichwa mapajani pake. Akavuta kope la chini kwa kidole kigumu cha mkulima, akadondosha tone moja, akangoja, akadondosha la pili upande mwingine, kisha akachora mstari kwa mkaa kwenye mlango ili asisahau kama siku hiyo amekwisha kutia. Mlango ulikuwa umejaa mistari. Hakuna jioni iliyokosekana. Nilitaka kumshukuru, lakini alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kufungia mbuzi.

Asubuhi yake tulikaa mbele ya nyumba watatu, tunakula viazi. Sikuuliza kitu. Miguu ilikuwa inatikisika yenyewe. Nsimire akainua kichwa kutazama ng'ambo ya maji.

"Papa, ule mulima ya kule, ile ni miti ao ni majani? Mimi niko naona tu rangi."

Niliangalia kwa jicho langu moja. "Hata mimi naona tu rangi."

Tukamgeukia koko. Alitutazama, baba na mtoto, kama mtu aliyeletewa vipofu wawili kwa siku moja, akasema kwamba ni miti, na kwamba kuna nyumba mbili na moshi. Nsimire alicheka hadi kiazi kikamwanguka. Nami nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kutoka mdomoni mwake kwamba kitu fulani hakioni.

Shule ilipofunguliwa alirudi. Yale matone yenye nguvu zaidi yalifanya mwanga umkere, na maandishi ya karibu yalimchezea kidogo asubuhi. Tulimwomba mkuu wa shule, akaruhusiwa kuvaa kofia uwanjani, na watoto walimcheka wiki moja, kisha wakaacha. Mwalimu alimweka mstari wa mbele na kumtoa nje kila mapumziko, hata alipotaka kubaki na kitabu. Jioni hatukuingia nyumbani moja kwa moja. Nilimchukua shuleni, tukatembea kando ya ziwa, tukapanda kwa njia ndefu, tukafika Espérance anapofunga meza yake sokoni, tukarudi naye. Siku za mvua tulisimama chini ya vibaraza, tukaendelea ikikatika. Kutotulia kwangu, ambako kulikuwa kumewachosha watu wote, kulipata kazi. Njiani aliniambia anachokiona na asichokiona, bila kuulizwa, na nilijifunza kusema "eeh" tu.

Baada ya kiangazi kile karatasi ilisema moins quatre. Miezi sita baadaye, moins quatre. Sikununua nyama. Espérance alinunua, bila kusema ni ya nini.

Sitaki mzazi anayesoma adanganyike. Nsimire atavaa miwani maisha yake yote. Matone yataendelea miaka kadhaa bado, mpaka mwili umalize kukua, na kuna jioni anayachukia, anabana kope, tunabembelezana. Kila mwaka daktari atamchungulia nyuma ya jicho, pale langu lilipochanika. Kuna siku naamka na hofu ileile, naona cheche ambazo hazipo. Lakini mtoto akigundua kwamba macho yake ndiyo yanayoamua kama baba atakula, mtoto atakupa macho unayoyataka, yawe ya kweli yasiwe ya kweli. Hilo sikuambiwa na mtu, na ndilo ninalotaka ulijue mapema.

Mwezi uliopita tulirudi hospitali, Nsimire na mimi. Amefikisha miaka kumi. Alikwisha kutiwa matone ya kufungua mboni, tunangoja. Kwenye benchi letu alikuwepo mama kijana, mtoto wa kike wa miaka sita hivi mapajani, karatasi mpya mkononi. Aliniuliza, huku akimtazama Nsimire, kama huyu wangu alipona. 

Nsimire ndiye aliyemjibu. "Haiponaka, maman. Ila sasa inatembea polepole."

Yule mama alitikisa kichwa taratibu, akaikunja karatasi yake. Muuguzi akaita jina. Niliinuka. Nsimire akaweka mkono kwenye goti langu kunizuia.

"Bakia, papa. Nitakuja kukuambia."

Aliingia peke yake, mlango ukafungwa. Nilibaki. Nilizungumza na yule mama juu ya kofia na njia za kutembeza mtoto wakati wa mvua, na baada ya muda nikagundua kwamba bado nimekaa.

Nsimire alitoka akipapasa ukingo wa benchi, mboni zimefunguka, karatasi imekunjwa mara mbili mkononi.

"Ya kuume haikutembea," alisema. "Ya kushoto, un quart."

Robo moja, kwa mwaka mzima, jicho moja. Alininyooshea karatasi. Niliiweka mfukoni ilivyokunjwa, nikamshika mkono kwa sababu mwanga wa nje ulikuwa mkali, tukaanza kushuka kwa miguu.